Mshono Uliofumuliwa

Maskati, 9 Machi 1969

Mdogo wangu Nasriya,

Salamu nyingi zikufikie huko Kuwaiti, wewe na wanao. Hapa kuku wa jirani wamenimalizia miche yote ya bamia, na watu wa kijiji cha Bustan bado wanatuletea kofia tuwashonee.

Mwenzetu Masouda tumemzika Jumatatu. Homa ya siku tatu tu.

Nnajua hamkusemezana tangu ile kofia ya bwana harusi mliyokuwa mkiishona pamoja. Uliukuta upande wako umefumuliwa wote, ukamtuhumu yeye. Mimi mkubwa wenu katika kazi nikasema, "Basi yaishe, kila mtu ashone peke yake." Nikajiona nimesuluhisha, kumbe nimewatenga.

Nasriya, aliyefumua ni mimi. Mshono wako ulikwenda upande, nikaona haya kukwambia. Masouda aliniona, akanistiri mpaka mwisho. Alisema tu, "Da Kheiria, mwandikie Nasriya."

Kofia nimeikuta sandukuni mwake. Upande wake kaumaliza. Wako kauacha vilevile ulivyofumuliwa, sindano imechomekwa pale pa kuanzia.

Nisamehe ukiweza.

Dadako,
Kheiria