Uso wa Dada kwenye Filamu

Jumamosi, 3 Mei
Leo nimeduwaa. Dada yangu — yule anayekimbia kila kamera tangu mafuta ya moto yamchome shavu utotoni — kaniomba nimpige picha! Anaolewa mwezi ujao. Anataka moja tu, nyeusi na nyeupe, ya filamu hasa. Simu zinalainisha watu mpaka wanafanana na sahani, anasema. Kisha niiskani, iwekwe kwenye kadi za mwaliko. Nimekubali kabla hajabadili mawazo.

Jumatatu, 5 Mei
Nimepanda ghorofani kwa fundi wa picha. Nikamweleza: nataka filamu ya kasi ya mia nne, ile yenye chembechembe, kovu lipotelee humo. Akacheka. Skana haina huruma, kasema. Itazifanya chembe zako changarawe, bibi harusi aonekane kama barabara ya vumbi! Ya kuskani ni filamu ya mia, tena kwenye kamera yake kubwa, yenye filamu pana. Kila kitu kinatulia. Ila inaonyesha yote — na kasi yake ni ndogo, anayepigwa asitikisike.
Nimetoka na kamera zote mbili. Kubwa yake begani, ndogo yangu mfukoni, na filamu ya kila moja. Moyoni nimeshachagua ndogo.

Alhamisi, 8 Mei
Sebuleni asubuhi, karibu na dirisha. Nilitoa ndogo, nikamgeuza Dada upande wa shavu lisilo na kovu. Kauliza, na hilo dude kubwa ni pambo? Nikababaika. Mwishowe nikasema kweli: ndogo inaficha.
Dada kagusa kovu lake.
"Mdogo wangu, mchumba wangu hulibusu shavu hili kila tukiagana. Anayeliogopa ni wewe."
Nilitamani ardhi inimeze! Nikatia filamu ya mia kwenye kamera kubwa. Mwenyewe akaligeuzia dirisha shavu lenye kovu. Nikamwambia asipumue. Basi fanya upesi, kasema, mimi si samaki! Akaangua kicheko — nami nikabonyeza hapo hapo. Filamu ya mia, na mtu anacheka! Sijui kama imetoka.

Jumatano, 14 Mei
Filamu imesafishwa. Niko kwa fundi, naandika kwenye benchi lake.
Nimeifagia vumbi kwa brashi laini pande zote, nikaketi mbele ya skana. Dada nyuma yangu, viganja usoni. Picha ya kwanza imetikisika. Ya pili vilevile. Halafu ile ya kicheko — ikajitokeza polepole kwenye kioo cha kompyuta. Nywele. Paji. Jicho, kali kama sindano! Shavu lote, kila mkunjo. Midomo tu ndiyo imetikisika kidogo, kama anayetaka kusema jambo.
Fundi kamwacha mteja wake, kaja kuangalia.
Dada kafungua vidole. Kuza, kasema. Nikakuza. Tena. Halafu kanifukuza kitini! Sasa anakuza mwenyewe, anarudisha, anakuza.
Simu yake inaita. Shemeji. Haisikii. Inaita tena — kapokea:
"Uko wapi? Njoo kwa fundi wa picha. Hapana, silii. Njoo tu, njoo uone—"