Kisanduku cha Gitaa Hakina Shetani

Kaka,

Usirudishe kisanduku cha sauti za gitaa kwenye mipangilio ya kiwandani kama ulivyoapa asubuhi. Utafuta sauti zako zote, na harusi mnayopiga ni leo mchana.

Mshtakiwa anaomba kujitetea. Dada alipobadili kinanda kutoka piano kwenda filimbi, gitaa lako lililia kama limetumbukia kisimani. Ukanigeukia: "Ni wewe tu, mtundu wewe!" Wakati huo mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye chai na mkate.

Mtundu ni waya wa MIDI, ule unaopitisha amri kutoka kinanda hadi kisanduku, uliouchomeka mwenyewe jana ili mapigo yenu yaende pamoja. Kinanda na kisanduku vyote vilikuwa chaneli ya kwanza, yaani njia moja ya amri, kwa hiyo dada akibadili sauti, kisanduku nacho kinatii. Kisanduku nimekihamishia chaneli ya pili, nimehifadhi. Mapigo bado yatafuatana, hayo hayajali chaneli. Waya usiuguse.

~~Nimekusamehe.~~ Nimeghairi.

Basi la shule haliningoji. Mama, aliyekuamini wewe, ameniaga bila kunitazama, na simwoni tena hadi likizo. Mwambie ukweli kabla hamjaondoka, kwa sauti safi, bila mwangwi.

Mdogo wako mtiifu,
Kitinda mimba