Kikombe cha Kuchukiwa na Kijiji

Mtaa wa Murubona,
Kasulu, Kigoma.
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Haidari,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na mtoto. Joto la Tanga limepungua au bado mnalala nje ya neti? Baba mdogo Twalibu na miguu yake wanaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua aliyoniomba nimempa Saady pamoja na barua hii. Asipoipata asinilaumu mimi, amuulize Saady aliiacha wapi aliposhuka Muheza kununua machungwa.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, kwa kiasi kile ambacho mtu husema hajambo ili barua iendelee. Mvua imenyesha vizuri na maharage yametoka. Duka linakwenda, vitenge vinauzika ingawa wateja wa siku hizi wanashika kila jora kisha wanasema watarudi. Ramadhani iko mlangoni na bado sijapata tende za maana.

Utashangaa dada yako anashika kalamu wakati simu ipo. Simu nimeijaribu. Nikikuandikia, unanijibu kwa kikatuni kinachocheka mpaka kinatoa machozi. Nikikupigia, uko bize, utanipigia. Karatasi haina kikatuni, na Saady nimemwambia asinyanyuke hapo mpaka umeisoma yote.

Habari yenyewe ni ya Mama na lile gemu lako.

Unamjua Mama yetu, Bi Kuruthumu. Nasema yetu kwa sababu miaka yote ya sekondari ulikula kwenye sufuria lake, na yeye hajawahi kukuita mtoto wa shemeji. Ni Muha wa Nyakitonto, na kwake kumpita mtu bila salamu ni sawa na kumpiga kofi. Safari ya kwenda sokoni ilikuwa inammalizia asubuhi nzima. Kila mlango atasimama, ataulizia watoto, mahindi, mgonjwa wa mwaka juzi kama alipona. Tulikuwa tunamcheka. Halafu akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika, na tangu hapo dunia yake ikawa kiti cha sebuleni na dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Kwa hiyo ulipokuja likizo na ile mashine ya gemu, ukaifunga kwenye TV na kumpa pedi ya kuchezea mkononi, mimi nilikuombea dua. Hilo sitalifuta. Lilikuwa gemu la kijiji: mtu anapewa kibanda, shamba, ng'ombe mmoja na majirani. Wewe ulidhani atachoka baada ya dakika tano, na ilipoadhiniwa Magharibi tulimbembeleza aiache.

Alikuwa mkulima mbaya sana, Mungu anisamehe. Mahindi yaliozea shambani. Ng'ombe alimpa jina Bihogo, na ulipomwambia bei ni nzuri amuuze alikutazama kama umetukana. Kazi yake ilikuwa kusalimia. Anabonyeza, jirani wa kwenye TV anainua mkono na kusema maneno yake ya Kiingereza, na Mama anamjibu kwa mdomo wake, kwa Kiha, kwa sauti ya kusikika barabarani: "Mwakeye!" Yule mzee mwenye kofia akamwita Ntirampeba. Yule mama mnene wa dukani akamwita Mpawenimana. Ni majina ya watu wa Nyakitonto aliokua nao. Jirani yetu Generosa akija kumjulia hali alikuwa anapewa habari za Ntirampeba kana kwamba anakaa nyuma ya msikiti, na Generosa naye, kwa kuwa ana adabu, alikuwa anaulizia kama kikohozi chake kimepungua.

Likizo ikaisha, ukarudi Tanga, mashine ukamwachia Mama. Lakini uliiacha na jina lako ndani, na vikombe vyote anavyopata, zile picha za tuzo kwa kila jambo mtu alilotimiza, huwa vinakwenda kwenye jina hilo. Mimi nilidhani vinatoka ukicheza wewe tu. Siku ya kwanza ikalia kengele, kikatokea kikombe pembeni ya kioo, Mama akaniita jikoni akidhani TV imeharibika. Nikakipiga picha nikakutumia. Hata chai haijapoa, ukapiga simu unashangilia: Mama amepata kikombe cha watu waliosalimia mara nyingi! Wewe mwenyewe ulikuwa hujakipata.

Mama alisikiliza, kisha akaiweka simu mbali na sikio. Akaniuliza mimi, "Kumbe walikuwa wananihesabia?" Hakupenda. Alicheka kwa ajili yako tu, kwa kuwa ulikuwa umefurahi.

Kuanzia hapo ukawa mtoto mwema kuliko watoto wote. Wewe ambaye Idi mbili zilipita bila kumpigia, sasa kila jioni simu yako inaita. Mama leo vua samaki. Mama leo kata miti yote ya kule mlimani. Mama usilale, ngoja mvua ya kwenye gemu inyeshe, kuna kikombe cha mvua. Na yeye anajitengeneza ushungi kabla ya kupokea, anaketi sawasawa, kwa sababu mwanawe wa Tanga amemkumbuka. Nilikuwa nasimama mlangoni, siwezi kumwambia kwamba humpigii yeye, unakipigia kidole chake cha gumba.

Nikaanza kuona anabadilika. Bihogo aliuzwa, kulikuwa na kikombe cha kuuza mifugo yote. Siku ile chakula alirudisha. Majirani wa kwenye TV akawa anawabonyeza mfululizo bila kufungua mdomo, wanainua mkono na yeye ameshapita. Generosa akiulizia habari za Ntirampeba, anajibiwa, "Yupo." Na ukipiga simu, swali lake la kwanza likawa vimebaki vingapi. Mama, ambaye maisha yake yote hakujua hata ana kuku wangapi!

Nikakukumbuka wewe, Haidari. Ulivyokuwa shuleni ukitorokea kwenye banda la gemu pale karibu na stendi, anayefungwa anaachia pedi, na wewe ulikuwa unafungwa na kila mtu. Unarudi nyumbani unacheka, unatusimulia bao ulilofungwa mpaka ugali unapoa, unasimama katikati ya chumba kuonyesha kipa wako alivyoruka upande mwingine. Mama alikuwa anakupiga kwa kutoroka huku anacheka. Likizo ile nilikutazama ukicheza. Simu iko gotini, unasoma namna ya kupata kikombe, meno umeyakaza. Kikombe kikatoka, hata tabasamu hukutoa, ukasema bado kumi na kimoja. Nikakuuliza, gemu ni tamu? Ukanijibu, "Nimeshalichoka dada, namalizia tu."

Nililipuuza neno hilo wakati ule. Sasa ndiyo nalielewa: kitu ulichokichoka ukamwachia mama yako akumalizie.

Nije kwenye lile lililonifanya nikose usingizi. Desemba nilikwenda Kibondo na mzigo wa vitenge, nikapitia Kumsenga kuwaona ndugu, Mama nikamwacha na Generosa. Niliporudi Generosa alinipokea getini, hata begi sijashusha.

"Mawee mama wangu, dada Firdausi, afadhali umerudi. Mama hali chakula. Amekosana na watu."

"Watu gani?"

"Wale wa mule. Wa kwenye TV. Wamemfungia milango."

Nilitaka kucheka. Nilipoingia ndani nikamkuta Mama kwenye kiti chake, kioo kinawaka, na kile kijiji hakina mtu nje. Generosa akanieleza yote. Ulikuwa umepiga simu ukasema kimebaki kikombe kimoja tu, ukikikosa kazi yote imepotea bure. Ukamwelekeza awapite watu bila kuwajibu. Ukamwelekeza aokote takataka awape mikononi mahali pa zawadi. Leo, kesho, keshokutwa, mpaka wamgeuzie mgongo wote. Gemu ni la Kiingereza, Mama hakujua kikombe chenyewe kinaitwaje, na wewe hukumwambia. Alijua siku kilipotoka, ulipomtafsiria kwenye simu huku unashangilia: ni kikombe cha mtu anayechukiwa na kijiji kizima.

Generosa anasema kila alipompa mmoja wao takataka alikuwa anaweka pedi mapajani, anafuta mikono kwa kanga. Alimwambia, "Mama, si uache?" Akajibu, "Mwanangu amebakiwa na kimoja."

Haidari, wewe umekulia nyumba hii. Unajua ulichomwagiza. Ungemwagiza mtu mwingine yeyote hapa duniani ningesema ni mchezo, vijana wana mambo yao. Umemwagiza Mama asiwasalimie watu, kisha ukaweka kikombe kwenye status yako, na kikatuni cha moto pembeni, "asilimia mia", na rafiki zako wakakupongeza kwa uvumilivu wako. Uvumilivu wako! Nilisoma pongezi zote. Jina la Mama halikuwamo.

Nilikuandikia siku ileile nikakuuliza kama kuna namna ya kuwarudisha wale watu wafungue milango. Ukanijibu, "Hahaha si aanze upya tu dada," na kikatuni chako. Nikamfikishia. Nilidhani labda itamtuliza. Mama akageukia kioo. Akasema, "Nianze upya na nani? Hao watakuwa wageni. Hawa ndio niliowakosea."

Nimejaribu kuizima mashine nikamwambia umeme umekatika. Nimejaribu kumwambia wale si watu, ni picha. Aliniambia anajua ni picha, hajawa mwendawazimu, lakini aliyeokota takataka na kuzitoa ni yeye. Kama wewe mwenye asilimia mia una jibu la hilo, nipe.

Kila asubuhi baada ya uji anachukua pedi. Anakwenda nyumba ya kwanza, anasimama mlangoni, anabonyeza. Mlango haufunguki. Anakwenda ya pili. Anamaliza kijiji chote, kisha anaweka pedi chini na kunyoosha vidole vinavyomuuma. Hakuna kengele inayolia. Nimemuuliza kijana wa banda la gemu, akaniambia ukishafika pale gemu limekwisha, hawafungui tena hata ukae mlangoni mwaka mzima. Sijamwambia Mama. Kila nikikaa nimwambie, namkuta ameshajifunga kanga vizuri kama mtu anayetoka.

Juzi umeniandikia kwamba sehemu ya pili ya gemu imetoka, ina vikombe vingi zaidi, na utampa Saady akirudi. Usimpe. Akija nayo nitaitupa chooni mbele yake, na unajua dada yako hatishii.

Nisalimie baba mdogo Twalibu na mama mdogo Anifa, umwambie mama mdogo kanga zake zimefika na nimemwekea ile ya rangi aliyoitaka. Msalimie mkeo, mbusu mtoto. Generosa naye anakusalimu, japo ilibidi nimuulize mara mbili.

Mama nimemwacha mwisho makusudi. Nilidhani pale milangoni anajiombea msamaha yeye. Jana nilikaa karibu yake nikichambua mchele, nikamsikia. Kumbe akisimama kwenye kila mlango anasema polepole, kwa Kiha, mlango baada ya mlango, na mimi nakuandikia kwa Kiswahili ili usiseme hukuelewa: "Ni mimi mama yake Haidari. Msimchukie mwanangu. Bado ni mtoto."

Mungu akulinde na akulainishe moyo, akufikishe Ramadhani salama, na akuoneshe njia ya Kasulu kabla Mama hajachoka kusimama milangoni kwa ajili yako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, ila safari hii kwa taabu,

Firdausi