Vidonge vya Shingo

Baba Ekaale,

Chai iko kwenye thamosi. Yule mbuzi mgonjwa asitoke. Nimeenda Kakuma kumsaidia mdogo wangu Helen dukani kwake, nitarudi ~~sijui lini~~ Jumapili.

Majibu ya damu nimeyaacha hapa. TSH, ile homoni wanayopima, imepanda tena, sitini na moja. Daktari anasema ikipanda hivyo ujue tezi ya shingo imelegea, ndiyo maana navaa sweta kwenye jua la Lodwar. Mwaka mzima ananiuliza kama nameza dawa. Vidonge vilipokuwa vinaisha kabla ya mwezi, nilidhani nasahau na kumeza mara mbili. Kumbe! Leo asubuhi ndio umesema: kila mara dada yako akija kutoka Kalemng'orok unamgawia, kwa sababu ana rovu, ule uvimbe wa shingo, na ndugu hanyimwi. Kama tumbako! Na hajawahi kupimwa hata mara moja, wala shingo yake haijapungua.

Vimebaki sita. ~~Nimevificha.~~ Viko juu ya kabati. Nilivitia kwenye mkoba, nikavitoa. Anakuja kesho, na wewe utampa tu.

Hata mimi ningekuwepo, ningempa.

Mama Ekaale