Kangaga la Shimoni

Msituni, juu ya Tukuyu

Dada Kalista,

Shikamoo, na kamwene juu yake, maana huku nikiamkia kwa Kihehe wananicheka. Miguu yako inaendeleaje na baridi ya Tosamaganga? Mimi mzima, ila magoti yanalia kuliko mlango wa sakristia.

Kazi yangu ndiyo hii ya kumbebea mizigo Mama Dokta, mtafiti wa makangaga, yale majani yasiyotoa ua wala tunda. Unageuza jani, unatazama vidoa vya kahawia mgongoni vimejipangaje, ndipo unajua ni nani. Wiki iliyopita nilipiga kelele kwamba nimegundua aina mpya. "Mzee Fidelis," akaniambia, "huyu ni mtoto wa yule wa jana." Wapagazi wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Sasa dada, umeniandikia kuwa mama amefunga mzigo, anakwenda Chunya kumtafuta kaka Benedi machimboni. Mzuie.

Jumanne tulikuta shimo la zamani la kupasulia mbao, ukuta mmoja umeporomoka. Limejaa kangaga nisilowahi kuliona, mabua yake meusi, membamba kama nywele. Mama Dokta akageuza jani, kisha jingine. "Hata mimi simjui huyu. Mchimbe na mizizi." Nikachimba. Mizizi ilikuwa imekumbatia mpini wa msumeno uliofungwa spoku za baiskeli. Unajua aliyezifunga: baba, asubuhi ile Benedi anaondoka kuja kupasua mbao misitu ya huku.

Wenzake walituambia aliacha kupasua, akaenda Chunya kwenye dhahabu na vifaa vyake vyote. Na siku zote Benedi ndiye aliyekuwa mvutaji wa chini, yule anayesimama ndani ya shimo.

Sikuchimba zaidi. Nilifukia, nikasema mgongo umegoma. Kwa umri huu wakaniamini upesi mno. Tangu hapo, ukungu ukishuka, nasikia msumeno ukienda na kurudi. Mama Dokta anasema ni ndege. Nakubali, yeye ndiye msomi. Lakini ni ndege gani anayetulia kidogo, kama mtu anayefuta vumbi la mbao machoni?

Mama usimwambie kwa simu. Sema nakuja, nina neno. Kisha tutapanda huku pamoja na katekista, aliombee lile shimo.

Wasalimie shangazi na watoto wa nyumba ya juu. Na shemeji, mke wa Benedi, aliyechekwa miaka yote kuwa kaachwa: msalimie yeye kwanza, kabla ya wote.

Mdogo wako,
Fidelis