Wa Kwanza Wilayani

Ikongwe, 4 Julai 2024

Binti yangu Asteria,

Salamu kutoka kwenye ukungu. Mimi mzima, mama yako mzima isipokuwa goti, ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake. Mdogo wako Agape ametuambia ni mjamzito. Ninaandika kwa sababu simu hushika pale nje ya kanisa tu, na pale kila mtu hujifanya anafunga kamba za viatu ili asikilize.

Karatasi ya takwimu ya ofisi yenu ya wilaya imebandikwa ofisi ya kata. Nilisoma kwamba kituo chetu cha afya ni cha kwanza wilayani, nikavua kofia. Kisha nikasoma kichwa chake: watoto wachanga wenye matatizo. Nikaivaa tena. Sokoni wanatuuliza, "Ninyi wa Ikongwe, mnazaa wagonjwa tu?" Na aliyesaini ni wewe! Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kituo. Nitalishughulikia.

Baba yako,
Zebedayo

Same, 19 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Pole na goti la mama, na hongera kwa mjukuu anayekuja. Huku ni upepo na vumbi. Kesho nasafiri kwenda mafunzoni Dodoma, nikirudi nitakueleza vizuri maana ya zile namba. Kwa sasa nakuomba sana: usishughulikie chochote.

Mwanao,
Asteria

Ikongwe, 6 Oktoba 2024

Binti yangu,

Hatujambo. Barua yako ilifika nikiwa nimeshashughulikia.

Tumepona! Miezi mitatu hii Ikongwe haina mtoto hata mmoja mwenye tatizo. Tumepika makande, mwinjilisti ameshukuru. Nilimwambia nesi Irine aache kuandika kila kitu. Mtoto akichelewa kulia kidogo, akiwa na manjano, au akiletwa wa baridi, hilo si tatizo, ni hali ya hewa ya mlimani. Irine alinitazama kama anavyotazama kidonda, lakini akatii.

Agape anakula mpaka udongo. Tuna fahari.

Baba yako,
Zebedayo

Same, 10 Oktoba 2024

Baba, shikamoo. Natumaini mama anaendelea vizuri.

Namba zenu zilikuwa kubwa kwa sababu Irine anaangalia, na kina mama wa vijiji jirani wanapanda mlima kumfuata yeye. Waliandikwa wengi wenye matatizo, lakini waliozikwa ni wachache kuliko kwingineko. Hiyo ndiyo sifa yenu, nami nilisaini kwa fahari. Vituo vinavyoandika sifuri ndivyo vinavyoninyima usingizi.

Mashine ya oksijeni ilikuwa ije kwenu kwa sababu ya watoto wale waliochelewa kulia. Kwa sifuri yenu, mwisho wa mwezi itapelekwa kwingine. Agape atajifungulia wapi, Baba? Siwezi kuandika namba nisiyoletewa, hata kama ni ya kwetu.

Mwanao,
Asteria

Ikongwe, 24 Oktoba 2024

Asteria mwanangu,

Goti la mama yako limepona, langu ndilo limeharibika. Nimepita nyumba kwa nyumba na Irine, kwa wale kina mama niliowafutia watoto wao daftarini. Kila mmoja alinipa mtoto nimshike kwanza, nione kama ni hali ya hewa. Wawili walinikojolea. Irine aliuliza, wao wakaeleza, yeye akaandika. Amesaini, nami nimesaini. Karatasi nampa Hamisi wa basi linalobeba tangawizi, akukabidhi mkononi.

Jumapili niliwaambia watu kanisani kwamba aibu ilikuwa yangu, namba ni zetu. Mama yako aliitikia "Amina" kabla sijamaliza.

Baba yako,
Zebedayo

Ikongwe, 3 Februari 2025

Binti yangu,

Wote wazima, na tumeongezeka. Agape amejifungua mtoto wa kike. Hakulia. Irine alimpulizia hewa, akamwashia ile mashine ya oksijeni mliyotuletea, nasi tukasimama mlangoni. Kisha akalia, na mpaka leo hajanyamaza. Majirani wameanza kulalamika. Anaitwa Asteria.

Nilibaki pale mpaka Irine akamwandika: alichelewa kulia. Nilimwambia aandike kwa herufi kubwa.

Karatasi yenu mpya imebandikwa. Sisi ni wa kwanza tena. Jana sokoni walianza maneno yao, nikavua kofia, nikawauliza, "Ninyi wa kwenu mnawahesabu?"

Sikuivaa tena mpaka nyumbani.

Baba yenu, wewe na Agape,
na babu wa mmoja aliyeandikwa,
Zebedayo