Mama Alipita na Beseni Mara Tisini

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, nakuandikia nikiwa nimeshika kichwa, na kichwa hikihiki ndicho kilichoniponza, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa kirefu maana nikifupisha utadhani nimefanya kosa dogo.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, nasoma shahada ya uzamili katika ubunifu wa mafunzo, yaani ile kazi ya kupanga somo hatua kwa hatua mpaka anayejifunza alielewe, na tasnifu yangu, ambayo imenila miaka miwili, inauliza utajuaje kama mtu anayesoma kwa mtandao yupo kweli au ameacha kivuli chake kwenye kiti, na sura ya nne, ambayo msimamizi wangu ameisifu kuliko zote, inasema dalili ya kwanza ya usikivu ni mtu kuitikia kwa kichwa, nimeweka hadi majedwali.

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na kongamano la wataalamu wa fani yetu, siku tatu, lote kwa mtandao, na sisi wanafunzi tuliingizwa bure kwa sharti kwamba tusizime kamera, basi nikaweka kompyuta kwenye meza ya kulia kwa sababu ndiyo meza pekee tuliyo nayo, na siku ya kwanza nilikaa kama niko kwenye chumba cha mtihani. Siku ya pili shangazi yangu, ambaye alikuwa kwetu kwa wiki nzima na alikuwa anaondoka kesho yake, akasimama mlangoni na simu mpya mkononi akasema, "Wewe si umekaa tu, njoo unifundishe kutuma sauti, mwanangu yuko mbali na kuandika siwezi, macho yamekataa." Mama akamwambia, "Wifi, mwache, anasoma." Shangazi akajibu, "Anasoma nini? Nimechungulia, anatazama watu wanaomtazama."

Mshauri, ningemkataliaje, shangazi yangu akinuna leo atanuna mpaka siku ya harusi yangu, na sijapata hata mchumba. Wakati wa mapumziko nikajirekodi dakika moja, natazama kamera, naitikia, naandika kidogo, naitikia tena, nikaiweka video hiyo ijirudie yenyewe badala ya kamera, nikaenda jikoni na shangazi kuanzia saa nane mpaka saa tisa na nusu, na video yenyewe sikuwa nimeikagua.

Niliporudi nikakuta napongezwa. Mwenyekiti alikuwa ameuliza nani atakubali kuongoza warsha ya mwezi ujao, inayohusu namna ya kumtambua mwanafunzi anayeonekana lakini hayupo, na wanafunzi wenzangu mtandao ulikuwa umewatupa nje, na wakubwa wote walikuwa vijisanduku vyeusi vyenye majina, akasema, "Naona binti yetu anaitikia," akauliza mara ya pili, nikaitikia, akauliza kama nina hakika, nikaitikia na kuandika kidogo. Imeingia kwenye kumbukumbu za kikao. Msimamizi wangu akanitumia ujumbe, "Umetuheshimisha, sasa sura ya nne ina mfano hai."

Halafu katibu wa kongamano, mama mtu mzima ambaye sijawahi kuzungumza naye, akaniandikia faragha mstari mmoja: "Mpe pole mama. Amebeba maji mengi sana leo."

Nikaifungua video. Sekunde ya arobaini, nyuma yangu, mama anapita na beseni la maji limejaa, anatembea kwa ubavu ili asiingie kwenye kamera, na ameingia. Dakika moja ndani ya saa moja na nusu, piga hesabu mwenyewe. Sasa sijui kama katibu amenigundua au ni mtu mwenye huruma tu, nimeusoma ujumbe mpaka nimeukariri, nikamjibu, "Ameshapoa, asante."

Nikisema ukweli, sura ya nne imekufa, msimamizi hatatia sahihi, na miaka miwili imekwenda na maji. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya watu mia mbili kuwafundisha kumkamata mtu kama mimi, kwa dalili ninayojua haikamati mtu. Nifanyeje?

Wako,
Niliyeitikia

*

Binti,

Waliosema mdomo uliponza kichwa hawakukutana na wewe, ambaye kichwa kimejiponza chenyewe mdomo ukiwa jikoni. Pole. Shangazi wa aina hiyo ninaye, na najua hakataliwi kirahisi.

Pole yangu inaishia hapo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ina urefu wa dakika moja. Ungemwambia shangazi asubiri saa tisa na nusu, angenuna, ungempa chai. Au ungemwandikia mwenyekiti kwamba umepata dharura ya nyumbani. Watu hutoka mikutanoni kila siku bila kuacha sanamu. Hao wenye vijisanduku vyeusi unadhani walikuwa wapi? Angalau mmoja alikuwa kwa kinyozi.

Kabla ya kukabidhiwa safu hii nilifundisha darasani miaka ishirini na minane. Sura ya nne ungeniletea mimi, ningekurudishia siku hiyohiyo. Mwanafunzi anayeitikia sana ameshaondoka zamani. Anayesikiliza hukunja uso, hukuna shingo, hukukatiza kwa swali la ajabu ukasahau ulipofika. Kwa hiyo usinililie kwamba ukweli utaiua sura yako. Ilikuwa maiti, mkaipamba kwa majedwali, wewe na msimamizi wako. Shukuru umeigundua wewe kabla ya watahini.

Sasa sikiliza, na usiitikie. Kesho asubuhi nenda kwa msimamizi ana kwa ana, usimwandikie. Fungua kompyuta, mwonyeshe video, nyamaza mpaka mama apite mara tatu. Kisha mwambie, "Nilidanganya kikao, na sura ya nne si kweli. Naomba muda niiandike upya." Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, amejivunia picha mbele ya wenzake. Huenda ukachelewa kuhitimu muhula mzima. Chelewa. Miaka miwili haijaenda na maji, ila ukipata cheti kwa sura usiyoiamini itakuwa imekwenda.

Siku hiyohiyo mwandikie mwenyekiti, bila kuzunguka na bila kumtaja shangazi, maana si yeye aliyerekodi. Akikuondoa kwenye warsha, ondoka kwa adabu. Akikuacha, maji umeshayavulia nguo, yaoge: anza warsha kwa kuwaonyesha video hiyo bila kusema neno, iache izunguke. Atakayecheka kwanza ndiye aliyekuwapo. Andika alikuwa anatazama nini, hapo utakuwa umeanza sura mpya.

Katibu amejua. Mtu asiyejua hawezi kuandika "mengi sana". Lakini amekuwa na wiki mbili za kukutangaza na hajakutangaza, na katika mkutano mzima wa wataalamu wa usikivu ni yeye peke yake aliyekuwa anatazama. Mpigie simu umwombe radhi, halafu mwombe akusomee sura hiyo mpya. Mtu kama huyo hapatikani kila siku.

Jambo moja limenikera kuliko video. Umeniandikia barua ndefu hivi, wewe unayesomea kufundisha, na hukusema popote kama shangazi alijua kutuma sauti. Mpigie umuulize. Kama hakuelewa, mfundishe upya, na safari hii uwe huko mwenyewe.

Mwisho, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote video hiyo mwombe mama ruhusa, kwa sababu naye yumo. Ukae naye mwitazame pamoja, umwangalie yeye anavyojibana ukutani na beseni limejaa asije akakuharibia masomo, na wewe huko mbele unaandika na kuitikia. Dakika hiyo moja ulikuwapo kweli, binti, na hukugeuka. Leo akipita, inuka umpokee.